Wimbo wa Kuiga na Waamuzi Wetu

Umezuka mtindo miongoni mwetu sisi walimu, na hasa miongoni mwa wale tunaopewa kazi ya kuamua mashindano ya sanaa za shule, wa kuuhukumu wimbo kwa kuuliza kwanza ulizaliwa wapi. Ikishajulikana kuwa ulizaliwa ng'ambo, hukumu imekwisha kutoka kabla mwimbaji hajafumbua kinywa. Neno linalotumika ni moja, nalo ni fupi: umeigwa. Baada ya neno hilo hapana anayeuliza umeigwa vipi, umeigwa na nani na kwa shabaha gani, wala wasikilizaji waliupokeaje. Sisi tunaoandika makala haya tunafundisha Ngulyati, katika Wilaya ya Bariadi, na tumelisikia neno hilo likitamkwa juu ya vijana wetu kwa namna ambayo hatukuweza kuinyamazia.

Ngulyati ni nchi ya pamba. Zamani Bariadi ilikuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 iko katika Mkoa wa Simiyu. Mpaka wa mikoa umebadilika, lakini kalenda ya mkulima ni ile ile. Pamba ikishachumwa na kupimwa, huja majira ya mbina, yaani ngoma za mashindano, ambapo Bagika na Bagalu hukabiliana kama walivyokabiliana babu zao. Watoto tunaowafundisha hesabu na Kiswahili wamekulia katika vumbi la ngoma hizo. Wengine walianza kushika jembe la kuchezea kabla hawajashika kalamu.

Vijana kumi na wawili wa kidato cha tatu, wavulana saba na wasichana watano, waliusikia wimbo wa kigeni katika simu ya mmoja wao. Ni wimbo wa Mmarekani mweusi Bill Withers uitwao "Lean on Me", uliotoka mwaka 1972. Waliupenda. Wakaja kutuuliza maana ya maneno, nasi tukawaeleza kwa kadiri ya uwezo wetu kwamba mtu anamwambia mwenzake kuwa kila mmoja huja siku yake ya unyonge, na siku hiyo amwegemee rafiki, kwa kuwa rafiki naye ana siku yake inayokuja. Walitazamana wakacheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, huu ni wimbo wa kulimiana."

Wakauchukua wakaenda nao. Kwa majuma matatu hatukujua wanafanya nini. Siku walipotuonyesha, tuliusikia wimbo tuliodhani tunaujua ukiwa umevaa mwili mwingine. Withers aliujenga wimbo wake juu ya kinanda, kwa sauti zinazopanda hatua kwa hatua na kushuka hatua kwa hatua, kama mtu apandaye ngazi bila haraka. Vijana wetu hawana kinanda. Ngazi ile waliwapa waimbaji: wavulana walianza chini, wasichana wakapokea juu, na sauti moja ya msichana ikasimama kando kama manju, ikiita na wengine wakiitikia. Ngoma mbili ziliingia baadaye, na majembe yakaingia mwisho, yakigongana pale ambapo Withers katika santuri yake hurudia neno moja la kuita mara nyingi hadi wimbo unafifia.

Maneno yote yalikuwa ya Kisukuma, wala hayakuwa tafsiri. Walisimulia habari za mkulima aliyeshikwa na homa wakati wa palizi, majirani wakaja na majembe yao wakamlimia shamba lote kwa siku mbili. Alipopona, zamu ya jirani ikafika, naye akajifungia ndani akijidai bado anaumwa. Mwanawe akasimama mlangoni akamwimbia baba yake kiitikio kile kile alichoimbiwa yeye alipokuwa kitandani. Sehemu hii ya mwisho haimo kabisa katika wimbo wa Withers. Wameiongeza wao, na kwa maoni yetu ndiyo iliyoutia wimbo makali, maana rafiki wa Withers ni mwema tangu mwanzo hadi mwisho, lakini jirani wa vijana hawa ni mtu tunayemfahamu.

Katika mashindano watazamaji walisimama. Wazee waliokuja kutazama wajukuu zao walicheka palipostahili kucheka, na mlango wa baba ulipoimbiwa, ukumbi ulinyamaza. Kisha karatasi ya waamuzi ikasomwa. Vijana wetu walipata alama chache kuliko makundi yote isipokuwa moja, na mbele ya alama hizo yaliandikwa maneno matatu: wimbo wa kuiga. Ushindi ulikwenda kwa kundi lililoimba wimbo wa asili kutoka katika daftari la mwalimu wao, wakiwa wamesimama mistari miwili mikono ubavuni, bila ngoma, bila kiitikio, kama watu wanaosoma hati ya mahakama. Hatuwaonei wivu washindi, nao ni watoto wetu. Tunachogombana nacho ni kipimo.

Yafaa tuanze kwa kuwatendea haki wanaokitetea kipimo hicho, kwa sababu hawakukiokota njiani. Desemba 1962, alipohutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba wasomi wetu walikuwa hodari wa kucheza rumba, chachacha na dansi za Kizungu, na huku hawazijui hata kwa majina ngoma za nchi yao. Maneno hayo yalituchoma, na yalistahili kutuchoma. Wakoloni walikuwa wametufundisha kuona haya mbele ya ngoma zetu wenyewe, na haya ya namna hiyo haiondoki kwa siku moja.

Miaka ikapita. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Na Novemba 1969 ukafika muziki wenyewe: mkuu wa mkoa alipiga marufuku muziki wa soul katika jiji la Dar es Salaam. Ilionekana kwamba muziki huo unawaharibu vijana. Magazetini ukazuka ubishi mkali. Walikuwapo walioishangilia amri, na walikuwapo walioandika kuuliza kwa nini, kati ya miziki yote ya kigeni iliyokuwa ikipigwa mjini, muziki wa Waafrika wenzetu wa Marekani ndio uliochaguliwa kuadhibiwa.

Swali hilo halijapata jibu la kutosha hadi leo, nasi hatuna haya kulirudia. Soul ni muziki wa wajukuu wa watumwa. Sam Cooke alipotoa "A Change Is Gonna Come" mwaka 1964, watu wake walikuwa bado wanapigwa kwa kudai haki ya kupiga kura. James Brown alipotoa mwaka 1968 wimbo wa kujivunia weusi wake, alikuwa akisema jambo ambalo nchi yetu ililisema katika kila jukwaa la ukombozi. Malcolm X alipokelewa Dar es Salaam mwaka 1964, na mwaka 1974 Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika katika Chuo Kikuu chetu. Tulikuwa tayari kuipokea mikono ya ndugu hawa na hotuba zao. Nyimbo zao peke yake ndizo tulizozisimamisha mlangoni.

Hata hivyo tusijidanganye. Amri ile ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Wapo waliopiga soul katika kumbi za mji wa wakati ule kama kasuku apigavyo mluzi: walikariri maneno ya Kiingereza wasiyoyajua maana, wakaiga hata kikohozi cha mwimbaji kilichonaswa katika santuri. Faida ya santuri hizo ilikwenda ng'ambo, na wapiga ngoma wa Pwani na wa bara walibaki kuitwa washamba. Mtu aliyeyaona hayo akakasirika hakuwa mjinga. Kosa lake lilikuwa kuukasirikia wimbo badala ya kumkasirikia kasuku.

Tena, wanaoinukuu hotuba ya mwaka 1962 huishia katikati. Katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alisema kwamba hakusudii tukatae kujifunza kutoka kwa wengine, na taifa linalokataa kujifunza kutoka katika tamaduni za kigeni alilifananisha na taifa la wapumbavu na wendawazimu. Hayo ni maneno makali kuliko yale ya rumba na chachacha. Mbona hayasomwi katika semina za waamuzi?

Wanamuziki wetu wana jina la kazi hii ya kupiga wimbo wa mtu mwingine: huiita kopi. Bendi changa huitwa bendi ya kopi mpaka itakapotunga za kwake. Neno lenyewe lina dharau kidogo, nasi tunapendekeza dharau hiyo igawanywe kwa haki, kwa maana kopi ziko za namna mbili, na tofauti kati yake ni kubwa kama tofauti kati ya mtu aliyeazima jembe akalima na mtu aliyeliazima akalitundika ukutani.

Tuutazame muziki wa soul wenyewe, kwa sababu wengi wanaoukemea hawajui kwamba karibu wote umejengwa kwa kuazimana. Mwaka 1954 Ray Charles alichukua wimbo wa dini ulioimbwa na kundi la Southern Tones, akauondolea jina la Yesu, akamweka mwanamke mahali pake. Wacha Mungu walichukizwa, na pengine walikuwa na sababu, lakini wengi wanaoiandika historia ya soul huanzia hapo. Basi muziki huu ulizaliwa kutokana na kopi.

Mfano tunaoupenda kuliko yote, na ambao tungependa kila mwalimu wa fasihi autumie darasani, ni wimbo "Respect". Otis Redding aliutunga na kuurekodi mwaka 1965. Katika wimbo wake mwanamume anarudi nyumbani kutoka kazini na fedha mfukoni, na kwa sababu ya fedha hizo anadai aheshimiwe. Ni wimbo mzuri, wenye matarumbeta yanayokimbia, na dai lake ni lile lile tulilolisikia kwa baba zetu. Februari 1967 Aretha Franklin akaurekodi mjini New York. Hakugeuza mengi, lakini aligeuza jambo moja lililogeuza yote: sasa anayesema ni mwanamke. Fedha anazo yeye pia, na heshima anayoidai haitokani na fedha. Akaongeza mahali ambapo neno lenyewe linatajwa herufi moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyomwendelisha mwanafunzi mzito, na dada zake Carolyn na Erma wakaitikia nyuma yake kama wanawake wa mtaa mzima. Wanawake wa Marekani waliufanya wimbo wao wa madai, na Waamerika weusi vivyo hivyo. Redding mwenyewe, kabla hajafa katika ajali ya ndege Desemba mwaka huo, alisema jukwaani kwa mzaha kwamba kuna msichana aliyemnyang'anya wimbo wake. Alisema kweli. Hebu tuwape waamuzi wetu karatasi ya alama mbele ya Aretha Franklin: wangeandika nini? Wangeandika wimbo wa kuiga.

Au chukua "I Heard It Through the Grapevine", utungo wa Norman Whitfield na Barrett Strong. Gladys Knight na kundi lake la Pips waliutoa mwaka 1967, wakauimba kwa mwendo wa kasi, kama mwanamke aliyekwisha kukasirika na yuko tayari kufunga mizigo. Mwaka mmoja baadaye ukatoka wa Marvin Gaye, polepole, wa giza, kama mwanamume anayenong'ona gizani asiweze kulala. Wimbo ni ule ule na habari ni ile ile ya mtu anayesikia kwa uvumi kwamba mpenzi wake ana mwingine. Msikilizaji wa Knight hutaka kumsaidia kubeba mizigo. Msikilizaji wa Gaye humwogopa kidogo.

Na hapa hatuna budi kusimulia kisa, ijapokuwa kinatuaibisha. Tulialikwa harusini katika mji fulani. Bibi na bwana harusi walipokuwa wakiingia ukumbini, wamevaa mavazi meupe, wamefuatwa na wazazi na wapambe, bendi ya kukodi iliwapokea kwa wimbo huo huo wa mke kusikika ana mwanamume mwingine. Waliupiga vizuri sana, gitaa na besi mahali pake, hakuna noti iliyopotea. Shangazi walipiga vigelegele. Sisi wachache tuliojua maana tulitazama sahani zetu. Bendi ile haikumtukana mtu kwa makusudi. Ilikuwa imejifunza sauti za wimbo bila kujifunza wimbo. Hiyo ndiyo kopi tunayoikataa, na tungeikataa hata kama wimbo ungekuwa wa Kisukuma.

Wala tusiwacheke wanamuziki wa harusi peke yao. Sisi walimu tunafanya hivyo hivyo katika mahafali. Tunawafundisha watoto wimbo wa Kiingereza kwa sababu mgeni rasmi anakuja, tunawasahihisha matamshi kwa fimbo, na maana hatuwaambii kwa kuwa nasi hatukuitafuta. Mgeni hupiga makofi, na watoto hurudi nyumbani wakiwa wamebeba sauti tupu. Mwalimu anayefanya hivyo mwezi wa kumi, kisha katika mashindano anakaa meza ya waamuzi na kuwanyima alama vijana walioukamata wimbo wa kigeni, wakaufahamu, wakaulimisha shamba la Ngulyati, mwalimu huyo tunamwomba ajitazame kwanza.

Wanaotupinga husema kwamba muziki wa kuazima hauwezi kuitwa utamaduni wa taifa. Watuambie basi taarabu tuiweke wapi. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu wake Misri akajifunze muziki wa huko. Ala zilikuja na tuni zilikuja. Kiswahili kikaingia ndani kikakaa kama mwenye nyumba. Huko Mombasa, Juma Bhalo alijulikana kwa kuchukua tuni za sinema za Kihindi na kuzitilia mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani kamili. Je, alikuwa kasuku wa Bombay? Mswahili yeyote wa pwani atakucheka ukiuliza. Na beni, iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ikasambaa Tanganyika yote, ilikuwa ni watu walioyatazama matarumbeta na magwaride ya Wazungu wakayageuza ngoma yao, yenye vyeo vyao, mashindano yao na kejeli zao. Na muziki wa kizazi kipya, ambao vijana wote wa nchi hii wanaujua, ulipataje Kiswahili? Miongoni mwa waliotangulia ni Saleh Jabir, aliyeuchukua mwanzoni mwa miaka ya 1990 wimbo "Ice Ice Baby" wa Mmarekani Vanilla Ice na kuutilia maneno ya Kiswahili. Wimbo wa kwanza ulikuwa hafifu. Uliofuata ukafungua mlango.

Lakini hoja inayotuudhi kuliko zote ni ya unafiki wetu kuhusu nyimbo zilizotoka kwetu kwenda nje. "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William, umeimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte, umeimbwa na Boney M mwaka 1981, umeimbwa na Angélique Kidjo. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Mombasa, wa mwaka 1982, Boney M waliuchukua mwaka uliofuata. Tunapousikia "Malaika" ukiimbwa na mgeni, kwa matamshi ya ajabu, tunafurahi na kusema Kiswahili kimeenea duniani. Hatusemi kwamba Makeba ameacha asili yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kama wimbo wetu unaweza kukaa kinywani mwa mgeni ukampa heshima yeye na sisi, wimbo wa mchimba makaa ya mawe nao unaweza kukaa kinywani mwa mtoto wa mkulima wa pamba.

Tumesema mchimba makaa ya mawe kwa makusudi. Bill Withers alizaliwa mwaka 1938 huko Slab Fork, kijiji cha machimbo katika jimbo la West Virginia, na baba yake alikuwa mchimbaji. Baba alikufa mtoto angali na miaka kumi na mitatu. Withers alitumika jeshi la majini, kisha akawa fundi kiwandani akitengeneza vyoo vya ndege, na alikuwa amepita miaka thelathini alipotoa santuri yake ya kwanza. "Lean on Me" aliutunga akiukumbuka ujirani wa kule alikokulia, mahali ambapo watu maskini waliishi kwa kusaidiana. Mwaka 1974 alisimama jukwaani Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, akawaimbia Waafrika. Alifariki mwaka 2020. Hakufika Ngulyati, lakini kile kijana wa kidato cha tatu alichokisema akicheka, kwamba huu ni wimbo wa kulimiana, kilikuwa ni ufahamu wa kweli wa mahali wimbo ulikotoka. Aliutambua ujima bila kuambiwa.

Tunajua litakaloulizwa: wimbo wa simu ukiruhusiwa leo, kesho nani atajifunza wigashe? Hoja hii ina uzito na hatuipuuzi. Mtoto mwenye simu husikia katika jioni moja nyimbo nyingi kuliko alizozisikia babu yake kwa mwaka, na nyingi hazitoki kwetu. Lakini watazameni vijana waliofanya kazi hii. Msichana aliyesimama kama manju alijifunza kuita kwa bibi yake. Wapiga majembe wamo katika kundi la ngoma la kijiji. Mtoto asiyejua mbina asingeweza kamwe kuufanya wimbo wa Withers walivyoufanya wao. Angeuimba kama ulivyo, mikono mfukoni. Mgeni hukaribishwa na mwenye nyumba. Asiye na nyumba humfuata mgeni aendako.

Na kama tunataka kipimo cha asili, kipo, wala hatuna haja ya kukibuni. Katika mbina makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Kundi lililowavuta wengi ndilo lililoshinda. Manju wa Kisukuma, ambaye kwa lugha yake huitwa ningi, analijua hilo, na kwa sababu hiyo hulazimika kila mwaka kuwa na jambo jipya la kusema juu ya bei, juu ya njaa, juu ya wakubwa na juu ya mpinzani wake. Hapana anayemwuliza tuni ameitoa wapi. Anaulizwa: umetuambia nini mwaka huu? Waamuzi wetu wa shule wamevaa tai na kuandika neno asili juu ya karatasi, na wakati huo huo wameisahau asili yenyewe ya kuamua.

Tunadai basi mambo machache yanayotekelezeka. Karatasi za alama ziondoe kifungu kinachouadhibu wimbo kwa sababu ya mahali ulikozaliwa. Mahali pake kiwekwe kifungu kinachouliza kundi limeongeza nini, limegeuza nini, na maneno yanawahusu nani. Kundi likichukua wimbo wa mtu, liwajibike kumtaja mtunzi wake hadharani kabla ya kuimba; hiyo ni adabu, na tangu kutungwa kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ni jambo ambalo kijana anayetaka kuishi kwa muziki hana budi kulizoea mapema. Ubishi usiokwisha juu ya nani hasa aliyetunga "Malaika", huku wengine wakimtaja Adam Salim na wengine Fadhili William mwenyewe, umetokana na miaka ambayo watu hawakuona umuhimu wa kutaja. Na mwamuzi akikataa wimbo, aandike sababu inayozidi maneno matatu.

Tumepeleka barua yenye mambo hayo mahali panapohusika. Jibu tulilopewa ni kwamba suala letu linashughulikiwa, na vijana wakashauriwa kutafuta wimbo wa asili kwa mashindano yajayo. Baadhi yao walivunjika moyo, na mmoja, mpiga ngoma hodari, ameacha kabisa kuja mazoezini.

Wakati wa uchumaji uliopita wasichana wawili wa kundi lile walitujia wakiwa wamekasirika. Walikuwa wamepita karibu na shamba la kikundi cha akina mama, wakausikia wimbo wao ukiimbwa kati ya mistari ya pamba. Kiitikio kilikuwa kile kile. Habari za baba aliyejifungia ndani zilikuwa zimefupishwa, na baada yake ulikuwapo ubeti mpya kabisa kuhusu mizani ya kupimia pamba, na jinsi nayo inavyoumwa homa kila mkulima anapofika na gunia lake. Akina mama waliuimba huku wakicheka, na aliyeutunga ubeti huo hakujulikana. "Mwalimu," wasichana walisema, "wametuibia wimbo." Tuliwauliza kama ubeti ule wa mizani ulikuwa mzuri. Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akakiri kwamba ulikuwa mzuri kuliko wa kwao. Jumamosi iliyofuata walirudi kule shambani, safari hii na daftari.